Oktoba, Saa Sita Usiku, Uwandani Kitulo

Katika muhtasari wa Fizikia nilioufundisha kwa miaka mingi, mada ya astronomia iliwekwa kidato cha nne, karibu kabisa na mwisho, mahali ambapo mwalimu hufika akiwa amechelewa na mwanafunzi akiwa anawaza mtihani wa Novemba tu. Siku moja, katika shule ambayo sitaitaja, niliuliza darasa galaksi ni nini, nikajibiwa kwa sauti moja maana niliyokuwa nimewaandikia ubaoni, kwamba ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota zilizoshikwa pamoja na uvutano, bila kukosewa neno hata moja. Nilipouliza ni nani kati yao aliyewahi kuiona galaksi kwa macho yake, hakuna mkono ulionyooshwa, ingawa usiku wa jana yake wote walikuwa wametoka kujisomea na kurudi mabwenini chini ya galaksi yetu wenyewe, iliyotanda toka mlima hata mlima. Kosa hilo lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha.

Tangu siku ile nimeshikilia maoni ambayo baadhi ya walimu wenzangu huyaona kuwa ni ya mtu asiyejua shida za shule zetu. Nasema kwamba somo la nyota lifundishwe nje, usiku, katika miezi ya kiangazi, na kwamba Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Iringa hadi Mbeya kupitia Njombe na Makete, ni mahali pazuri kuliko mahali pengi duniani pa kulifundishia, hata pasipokuwa na darubini. Sisemi hivyo kwa kusifia kwetu. Nasema hivyo kwa sababu njia iliyowafikisha wanasayansi kwenye wazo la ulimwengu unaotanuka ilipita kwenye vitu viwili vya angani ambavyo mtu aliyesimama hapa kwetu anaweza kuviona vyote usiku mmoja, huku watu wengi wa kaskazini ya dunia wakikiona kimoja tu.

Wenzangu huniuliza nitaanzaje kudai darubini ilhali madawati hayatoshi. Sidai darubini. Nadai blanketi, ruhusa ya mkuu wa shule, na usiku usio na mbalamwezi. Mwezi Juni au Julai, baridi ya Makete inapokaza na nyasi kuamka na umande ulioganda, anga huwa kavu na safi, na ikifika saa nne usiku Njia Nyeupe, ambayo wengine huiita Njia ya Maziwa, hukatiza juu ya vichwa. Sehemu yake iliyo nene na angavu zaidi ndiyo inayoelekea kitovu cha galaksi yetu, kilicho umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na kwetu sehemu hiyo hupanda karibu na utosi. Mtu wa London huiona ikitambaa chini kwenye upeo, tena ikiwa ataiona. Upande wa kusini kuna Alpha Centauri, ambayo nuru yake husafiri miaka 4 na ushee hadi kutufikia, ilhali nuru ya Jua hutumia dakika 8 na sekunde 20 tu. Mwanafunzi akishayaona hayo mawili kwa macho, neno “mwaka wa nuru” huacha kuwa la kukariri.

Wazee wetu walitazama juu kwa sababu walikuwa na kazi ya kufanya. Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kimepewa jina kutokana na kulima, na methali husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni maneno ya mtu aliyehesabu majira kwa nyota na akawa na haki ya kuyasema, kwa kuwa shamba lake lilimjibu. Nasikitika kwamba neno unajimu, ambalo lingetufaa vizuri kwa elimu hii, limechukuliwa mitaani na wapiga ramli, hata mzazi akisikia mwanawe anasoma nyota hudhani anafundishwa kubashiri.

Hata chuma cha nyota tunacho. Wilayani Mbozi, kwenye kilima cha Marengi, kimelala kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi, ambacho maandishi ya zamani hukipa uzito wa tani 12 na makadirio mapya hufikia tani 16. Dunia ya nje ilikifahamu mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakiishi nacho tangu kale. Asilimia 90 yake, zaidi kidogo au pungufu kidogo, ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni nikeli. Ukiweka kiganja juu yake asubuhi, baridi yake huingia hadi kwenye mifupa, na uso wake una mabonde madogo kama udongo uliobonyezwa kwa vidole. Chuma hicho hakikutengenezwa na Jua letu, ambalo bado linageuza haidrojeni kuwa heliamu na halitafika kamwe kwenye chuma. Kilipikwa ndani ya nyota nyingine zilizolipuka kabla Jua halijazaliwa, miaka bilioni 4.6 iliyopita. Nimewapeleka wanafunzi pale mara kadhaa, na sijaona maabara inayofundisha zaidi kwa nusu saa.

Lakini nyota na chuma chake ni mlango tu. Swali gumu ni umbali: mtu anajuaje kwamba nukta fulani ya nuru iko karibu na nyingine iko mbali? Hapa huwaambia wanafunzi wakumbuke jambo wanalolijua. Ukisimama mgongoni mwa kilima usiku na kutazama kijiji kilicho ng’ambo ya bonde, taa zote za kijiji kile ziko umbali ule ule kutoka kwako, au karibu sawa. Kwa hiyo taa moja ikiwaka kuliko jirani yake, huna sababu ya kusema iko karibu zaidi. Ni kwamba ina nguvu zaidi kwa kweli. Taa za barabara ndefu inayopinda hazikupi uhakika huo, kwa kuwa taa hafifu inaweza kuwa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali.

Kijiji cha ng’ambo ya bonde ndicho alichokipata Henrietta Leavitt. Alikuwa akifanya kazi Harvard, nchini Marekani, akipima picha za anga zilizopigwa kwenye vibao vya kioo katika kituo cha chuo hicho huko Arequipa, nchini Peru, kwa kuwa kutoka Harvard penyewe Wingu Dogo la Magellan halionekani kabisa. Wingu hilo ni galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 200,000, na nyota zake zote kwetu ni taa za kijiji kimoja. Mwaka 1912 alitangaza aliyoyaona katika nyota 25 za aina iitwayo Sefeidi, ambazo hung’aa na kufifia kwa mzunguko usiobadilika: zile zenye mzunguko mrefu ndizo zenye mwangaza mkubwa zaidi, kwa mpangilio ulionyooka kiasi cha kuchorwa mstari. Taa inayopepesa kwa mdundo unaotaja wati zake! Ukishajua wati, na ukaona jinsi ilivyofifia machoni pako, umbali unautoa kwa hesabu ya kidato cha pili. Ilibaki tu kupima Sefeidi chache za karibu ili kuweka kipimo, na Ejnar Hertzsprung, mwanaastronomia wa Denmark, alijaribu kufanya hivyo mwaka uliofuata.

Nakaa kwa Leavitt kwa makusudi, maana vitabu vingi humpita haraka na kwenda kwa Mmarekani mwenzake, mwanaastronomia Edwin Hubble. Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha mita 2.5, aliipata Sefeidi katika Andromeda, doa hafifu la nuru angani, mwezi Oktoba 1923, na kwa kanuni ya Leavitt akaonyesha kwamba Andromeda haimo ndani ya Njia Nyeupe bali ni galaksi kamili iliyo mbali sana. Leo tunajua umbali huo ni miaka ya nuru ipatayo milioni 2.5. Wakati huo mwanaastronomia mwingine wa Marekani, Vesto Slipher, alikuwa ameshapima nuru za galaksi kadhaa na kukuta kwamba nyingi kati yake zimesogea upande wa wekundu. Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, alieleza mwaka 1927 kwamba hivyo ndivyo ingekuwa kama ulimwengu wenyewe unatanuka, na mwaka 1929 Hubble akaweka umbali na kasi pamoja: galaksi iliyo mbali mara mbili hutuacha kwa kasi mara mbili.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowachanganya wanafunzi, kwa sababu wanadhani inatuweka sisi katikati ya kila kitu. Hapo huchukua mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ule wanaokatia manati, nikaukata kipande kirefu na kuweka alama za chaki kila baada ya sentimita 5. Wanafunzi wawili huuvuta hadi urefu wake uwe mara mbili. Alama iliyokuwa sentimita 5 kutoka ile ninayoishika sasa iko sentimita 10, ya 10 iko 20, ya 15 iko 30. Ya kwanza imesogea 5, ya pili 10, ya tatu 15, kwa muda ule ule mmoja. Kisha nashika alama nyingine, tunarudia, na majibu yanakuwa yale yale. Hakuna alama iliyo ya katikati, wala hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Mpira ndio uliovutika. Mwishoni nachora wimbi kwa chaki kati ya alama mbili, wanavuta, na wimbi linarefuka mbele ya macho yao. Nuru yenye mawimbi marefu zaidi ndiyo nyekundu, kwa hiyo wekundu wa Slipher wameuona kwenye mpira wa manati.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Ukiurudisha mpira nyuma, vitu vyote vinakaribiana, na hesabu za sasa huweka mwanzo huo miaka bilioni 13.8 iliyopita. Arno Penzias na Robert Wilson waliupata mwangwi wa joto la wakati ule mwaka 1964, uliobaki sasa kuwa chini ya nyuzi 3 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Mwaka 1998 wapimaji wa nyota zilizolipuka walikuta kwamba kutanuka kunaongeza kasi, jambo ambalo bado halijapata maelezo ya kuridhisha. Hata kasi yenyewe ina ubishi: kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 1 huongezeka kati ya kilomita 20 na 23 kwa sekunde, na makundi mawili ya wapimaji hayajakubaliana. Naona vema wanafunzi wajue kwamba ubishi huo upo, wasije wakadhani kazi imekwisha.

Swali ambalo hukosi kuulizwa ni hili: “Mwalimu, na Mbeya nayo inatanuka?” Hapana. Mlima Rungwe umeshikwa na nguvu za ndani ya mawe yake, Dunia imeshikwa na uvutano wa Jua, na Jua limeshikwa na galaksi. Hata Andromeda, kwa kuwa iko karibu na ni nzito, haituachi bali inatujia. Kutanuka hushinda pale tu panapokuwa na umbali mkubwa kati ya makundi ya galaksi. Mwanafunzi anayeuliza swali hilo ameelewa mpira vizuri kuliko aliyenyamaza.

Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, Jua lilipopatwa na kubaki kama pete juu ya Rujewa, watu walifurika huko Mbarali kutazama dakika zile 3. Nilifurahi, nikadhani shule zetu zingeamka. Lakini pete ile haitarudi upesi, na yaliyopo kila usiku wa kiangazi hatuyatazami. Zaidi ya hapo, giza lenyewe linaondoka. Sipingi umeme hata kidogo, maana nimesahihisha madaftari kwa kibatari na najua macho yalivyouma. Nachopinga ni taa ya barabarani isiyo na kofia, inayomwaga nusu ya nuru yake mawinguni, mahali ambapo mtembea kwa miguu hana haja nayo. Halmashauri zinazofunga taa mpya katika miji yetu midogo zinaweza kuzielekeza chini, na zingeokoa umeme kwa kazi hiyo hiyo.

Mada ile ya mwisho wa muhtasari huangukia wakati mzuri kuliko walioipanga walivyojua. Katikati ya Oktoba, mvua zikiwa bado hazijaanza, ikifika saa sita usiku wa giza, Wingu Dogo la Magellan huwa limefika juu kabisa ya njia yake upande wa kusini, kama ngumi mbili na nusu juu ya upeo ukinyoosha mkono. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani nyingine, liko chini yake, kusini-mashariki. Saa hiyo hiyo, upande wa kaskazini, kwenye ngumi nne hivi, iko Andromeda, doa hafifu ambalo huonekana vizuri ukitazama pembeni yake kidogo badala ya kulikodolea macho. Hubble katika Mount Wilson hakuweza kuliona Wingu la Leavitt. Sisi tukiwa uwandani Kitulo, wanafunzi wamejifunga mablanketi na viazi vimelala shambani kando yetu, huanza kwa kutazama kusini hadi kila mmoja aseme ameliona, hata yule wa mwisho anayechelewa, kisha nawaambia wageuke, miguu yao ikiwa palepale.