Swali la kuhama katika usaili wa ubingwa: jibu la nyumbani halitoshi Marekani

Daktari aliyesoma Tanzania hujua mapema kwamba kituo cha kazi hupangwa na wakubwa. Akimaliza miaka mitano ya shahada hupangiwa hospitali ya mafunzo kwa vitendo kwa mwaka mmoja, na akija kuajiriwa serikalini hupangiwa kituo, pengine katika wilaya ambayo hajawahi kuikanyaga. Ndiyo maana katika barua zetu za maombi ya kazi maneno "niko tayari kufanya kazi mahali popote nchini" yamekuwa sehemu ya salamu, na asiyeyaandika huonekana mchagua kazi.

Maneno hayo hayo, yakitamkwa katika usaili wa mafunzo ya ubingwa hapa Marekani, humpunguzia msailiwa nafasi. Nikiwa daktari niliye mafunzoni, huombwa kuzungumza na waombaji siku za usaili, na nimewasikia wenzetu wa Afrika Mashariki wakiulizwa kwa nini wanataka kuja katika mji mdogo wa kaskazini wenye baridi kali, nao wakajibu kwa unyenyekevu wa kweli kwamba watakwenda popote watakapopelekwa. Kwa masikio ya nyumbani, hilo ni jibu la mtu mwenye adabu na moyo wa kazi. Mkurugenzi wa programu, yaani mafunzo ya ubingwa ya hospitali husika, husikia kwamba mtu huyu hajaufikiria mji wake hata kidogo.

Sababu iko katika namna nafasi zinavyogawiwa. Chini ya utaratibu ulioanza mwaka 1952, ambao leo unaendeshwa na shirika la National Resident Matching Program, mwombaji huorodhesha programu kadiri anavyozipenda, programu nazo huorodhesha waombaji, kisha kompyuta huoanisha orodha hizo, na ifikapo Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi kila mmoja hujua aendako. Matokeo huzifunga pande zote mbili. Programu ya magonjwa ya ndani itakaa na daktari huyo miaka mitatu, ya upasuaji mitano, na akiondoka katikati zamu zake huwaangukia wenzake. Kwa hiyo mkurugenzi anayeuliza habari za kuhama hapimi utii wako. Anatafuta dalili kwamba ukishafika utabaki, hasa sasa ambapo usaili mwingi hufanyika kwa video na mwombaji anaweza kupewa nafasi katika mji ambao hajawahi kuuona. Fomu ya maombi yenyewe imegawa nchi katika kanda tisa, na mwombaji anaweza kuchagua hadi tatu na kueleza kwa ufupi kwa nini anazipenda, au kusema kwamba hana upendeleo wowote.

Jibu bora nililowahi kulisikia lilitoka kwa daktari aliyefanya kazi katika hospitali ya wilaya nyumbani. Alisema kwamba huko alikokuwa, mgonjwa wa rufaa alisafiri saa nyingi kwa gari, na mara nyingi uamuzi wa nani asafiri na nani atibiwe palepale ulibaki mikononi mwake usiku, bila bingwa wa kumwuliza. Kwamba amesoma kuwa wagonjwa wa programu ile nao hutoka mashambani, mbali na hospitali kubwa. Na kwamba anataka kufundishwa kazi hiyo na watu wanaoifanya kila siku. Hakutaja kwamba yuko tayari kuhama, wala hakuna aliyemwuliza tena. Kituo alichopangiwa bila kuulizwa ndicho kilichompa sababu ya kuchagua mahali kwa hiari.

Ni vizuri mwombaji ajue pia mpaka wa maswali haya. Kanuni za utaratibu ule wa kuoanisha orodha zinawakataza wasaili kumtaka mwombaji ataje programu nyingine alizoomba au ziliko. Sisi tuliofundishwa kumjibu mkubwa kila anachouliza tunaona vigumu kulikwepa swali la namna hiyo, lakini kurudisha mazungumzo kwa upole kwenye programu iliyo mbele yako si utovu wa heshima.

Lipo jambo moja ambalo sikubaliani nalo. Swali hili huwapendelea wenye ndugu. Mtu mwenye bibi yake katika jimbo husika hujibu kwa sentensi moja na kuaminika, ilhali aliyezaliwa Mwanza, akasomea Dar es Salaam, akafanya mafunzo ya vitendo Dodoma na kisha akavuka bahari, hulazimika kuthibitisha kwamba anaweza kuishi ugenini. Naona hiyo si haki, na wasaili wanapaswa kuusoma wasifu wa mtu kabla ya kumtilia shaka.

Hata hivyo sitaki kuusifu uhuru wa Marekani kupita kiasi, maana nimeona unakoishia. Madaktari wengi wa hapa, wakiachiwa wachague, hawaendi vijijini. Daktari mgeni mwenye viza ya J-1, ambayo ni viza ya muda ya kuja mafunzoni, na ambaye ili aipate hupaswa kuleta barua ya wizara ya afya ya nchi yake inayothibitisha kwamba ubingwa huo unahitajika huko, anadaiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili akimaliza mafunzo. Lakini tangu 1994 kuna mpango unaomruhusu kusamehewa sharti hilo akikubali kufanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye upungufu wa madaktari, na leo kila jimbo lina nafasi thelathini za namna hiyo kwa mwaka. Kwa maneno mengine, nchi hii nayo hupanga vituo. Tofauti ni kwamba huwapangia wageni, na nchi iliyoandika barua ya kumhitaji daktari yule huendelea kumsubiri.

Kwetu mzigo huo hugawanywa kwa wote, na hilo nalithamini. Kasoro yetu ni kwamba mara nyingi hali ya daktari haizingatiwi kabla ya kumpangia. Daktari hufika kituoni huku mwenza wake yuko mkoa mwingine, na miezi yake ya mwanzo, ambayo ingekuwa ya kuzoea wodi na watu, huishia kwenye kuandika barua za uhamisho wa kumfuata mwenza. Ningependa wizara iendelee kupanga, ila fomu iwe na nafasi ya kutaja mikoa mitatu na sababu zake: mwenza, mzazi mgonjwa, lugha ya wenyeji anayoijua, ugonjwa anaotaka kuujifunza. Na pale ambapo Rukwa au Kigoma itakosa aliyeiomba, anayepelekwa aelezwe kwa maandishi atakaa muda gani na lini ombi lake la kwanza litaangaliwa tena.