Simu ya karani isingoje seva

Programu nyingi za vyama vya ushirika hujaribiwa mjini Moshi, ofisini, waifai ipo na chaji imejaa. Kisha zinapelekwa kwa karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko juu Kibosho au Uru, msimu wa kahawa, wakulima wamepanga foleni mbele ya mizani, na kila akibonyeza kitufe cha kuhifadhi kinazunguka kiduara tu. Akichoka anarudi kwenye daftari lake. Mimi nisingemlaumu.

Kwa maoni yangu, kilo ziandikwe kwanza ndani ya simu, karani aone zimeingia, foleni isogee. Kupeleka seva, ile kompyuta kuu inayokusanya kumbukumbu zote, ni kazi ya baadaye, mtandao ukirudi. SQLite, programu ndogo ya kutunza data ndani ya simu yenyewe, ipo tangu mwaka 2000, ni ya bure, na Android inakuja nayo, kwa hiyo hoja ya gharama siielewi.

Kazi ngumu ni kulandanisha, yaani kufanya kumbukumbu za simu zote na za seva zikubaliane. Chukua mkulima mwenye kilo 100 kwenye kumbukumbu. Asubuhi anapimiwa 42 kwa karani mmoja, jioni mwanawe analeta 18 kwa karani mwingine, na simu zote mbili hazina mtandao. Kama kila simu inatunza jumla, moja itasema 142 na nyingine 118. Seva inayokubali ya mwisho kufika itabaki na 118, na kilo 42 za watu zimeyeyuka. Wengine hudhani dawa ni kulinganisha saa za simu. Saa ipi, hiyo ambayo mtu anaibadilisha kwa mkono? Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha tangu 1978 namna ya kupanga matukio ya kompyuta nyingi bila kutegemea saa ya ukutani, na bado tunaitegemea.

Seva isipelekewe jumla. Ipelekewe kila upimaji kama mstari wake, usioguswa tena, yenyewe ijumlishe: 100, 42, 18, inapata 160. Karani akikosea, anaandika mstari wa kurekebisha, kama mhasibu.

Halafu kuna lile la mtandao kukatika katikati. Mstari umeshafika seva, ila jibu halikurudi. Simu inatuma tena, na 42 zinageuka 84. Ndiyo maana kila mstari upewe UUID yake, namba ya utambulisho isiyojirudia, ya biti 128, palepale kwenye simu kabla ya kutumwa. Seva ikiiona mara ya pili inajibu "ninayo" na kuendelea na mambo yake.

Kwenye skrini naomba kitu kimoja tu: idadi ya mistari ambayo bado haijapelekwa, kwa tarakimu kubwa. Karani akiiona hatakubali simu izimwe wala ipewe mtoto achezee.

Utaratibu huu nao una tundu lake. Simu ikitumbukia mferejini kabla ya kutuma, mistari imekwenda nayo. Risiti ya karatasi anayopewa mkulima isiondolewe.