Korodani zinasifiwa, mrija umesahaulika

Hivi mnajua mbegu ya kiume ikitoka korodanini hata kuogelea haijui? Mi hukereka nikisikia watu wanaongelea uzazi wa mwanaume utadhani ni korodani peke yake, wakati nyuma yake pale kuna mrija unaitwa epididimisi, umejikunjakunja hadi unaenea kwenye vidole viwili, ukiunyoosha ni kama mita 6, na mbegu inapita humo siku kadhaa ndo inatoka inajua kazi.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Seli za kichwani mwa mrija na za mkiani zina DNA ileile, ila jeni zinazowashwa ni tofauti. Huku mwanzoni maji yananyonywa mbegu zinabanana, katikati zinapakwa protini hizi na zile, mkiani zinatulizwa zikisubiri safari.

Chukua jeni moja tu, DEFB126. Protini yake inaivika mbegu koti lenye sukari sukari linaloisaidia kupenya ute wa mlango wa kizazi. Mwaka 2011 watafiti wakaonyesha kuna wanaume ambao nakala zao zote mbili za jeni hiyo zimepungukiwa herufi mbili za DNA, basi. Mbegu zao chini ya hadubini ziko poa kabisa, idadi ipo, mwendo upo, umbo safi, lakini kupenya ute ni shida na ujauzito unachelewa. Yaani mtu anatoka maabara na karatasi inayosema yuko fiti, halafu lawama zote zinahamia kwa mke! Hiyo ndo inaniudhi zaidi.

Kuna watakaosema mrija hauna maana, si ile mbinu iliyotangazwa 1992 ya kudunga mbegu ndani ya yai inatungisha mimba hata kwa mbegu iliyotolewa korodanini? Sawa, ila hapo umeibeba na sindano hadi ndani, haijatembea hata hatua.

Halafu mengi tunayoyajua yametoka kwa panya, ambaye mrija wake umegawanyika vyumba vyumba waziwazi. Wa kwetu haujapangika hivyo, na sehemu kubwa ya kichwa chake ni vimirija vinavyotoa mbegu korodanini. Ndo maana nikisikia dawa ya kuzuia mimba ya wanaume imefanya vizuri kwa panya, swali langu la kwanza ni moja: ilifanya kazi kipande gani cha mrija?