Apdeti zinazomaliza bando
Jamani hizi apdeti za kompyuta zinakera sana, umejiunga bando la GB 2, ukawasha hotspoti ya simu utume kazi ya watu, mara bando limekata, kumbe mashine ilikuwa inajishushia mafaili yake kimya kimya wala haijauliza. Ukitaka kuzima uondoke inakwambia usizime, asilimia 30, na umeme wenyewe ndo huu wa kukatika muda wowote! Apdeti za usalama nazitaka, sikatai, ila iniulize kwanza, bando nanunua mimi. Ile setingi ya kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii ni ya kupimwa (metered), yaani ya bando lenye kikomo, ipo, ukiiwasha apdeti nyingi zinasubiri, sasa mbona wameificha huko ndani na ukiunga wifi nyingine unaanza upya?