Uhuru Wetu Uliumbwa na Mtu wa Mumias

Ukipita Nile Avenue hapa Kampala, simama kidogo mbele ya Sanamu ya Uhuru. Mama wa saruji, mwili umezongwazongwa kwa vitambaa, amemwinua mtoto juu kabisa, naye mtoto kanyoosha mikono mbinguni. Mtoto yuko huru, mama bado amefungwa. Mwaka 1962, nchi nzima ikiwa kwenye shangwe, hilo lilikuwa neno zito.

Aliyeiumba ni Gregory Maloba, mwalimu wa sanaa Makerere, mzaliwa wa Mumias, Kenya. Na Mumias yenyewe ilihesabiwa ndani ya Uganda mpaka 1902, Waingereza walipousogeza mpaka. Ardhi haikuhama, waliobadilishiwa nchi ni watu.

Ndiyo maana kigezo chetu cha uraia wa kuzaliwa kinaniuma. Katiba ya 1995 inauliza kama mzazi wako, au babu au bibi yako, ni wa jamii zilizokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926. Jamii zikaorodheshwa: 56 mwanzoni, 65 baada ya marekebisho ya 2005. Wanubi, wazao wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za ukoloni, wamo, lakini muulize Mnubi wa Bombo ni mara ngapi, akifungua tu mdomo kwa Kiswahili, huambiwa, "Kwani kwenu wapi?" Wamaragoli wa wilaya ya Kiryandongo, ambao ndugu zao wengi wako Kenya, wamekuwa wakiomba miaka na miaka waingizwe.

Wasanii na wenye fikra walishavuka mstari huo zamani. Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, alianzisha jarida la Transition mwaka 1961, na humo watu wa Uganda wakabishana waziwazi kuhusu dola lao. Mwaka 1968, baada ya kuchapisha ukosoaji wa mapendekezo ya katiba ya serikali ya Obote, alitiwa ndani pamoja na mbunge Abu Mayanja. Mmoja Mhindi, mwingine Muganda; kosa lao lilikuwa moja, kuijali nchi kwa sauti.

Nenda pia maktaba kuu ya Makerere ukaone "War Victim" ya Francis Nnaggenda, gogo kubwa alilolichonga miaka ya themanini, vita vya waasi na serikali huko Luweero vikiwa vya moto. Mwili umekatwakatwa, na bado umesimama. Hakuna alama ya kabila popote. Kwa maoni yangu, somo la uraia shuleni lianzie mbele ya gogo lile, na wabunge wasiiguse tena orodha ya jamii kabla ya kwenda kulitazama.