Uwiano vitani: kilichowekwa mizanini usiku wa Kunduz

Alasiri ya tarehe 3 Septemba 2009, Wataliban waliteka malori mawili ya mafuta kaskazini mwa Afghanistan, nayo yakakwama mchangani katikati ya Mto Kunduz. Karibu saa nane usiku, kwa amri ya Kanali Georg Klein wa Ujerumani, ndege za Marekani ziliyadondoshea mabomu mawili. Makadirio ya vifo yalipishana, mengine yakipita 100, na miongoni mwao walikuwamo raia wengi waliofika kukinga mafuta ya bure.

Wengi hudhani uwiano, kanuni ya sheria za vita, ni kulinganisha maiti wa pande mbili. Sivyo. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayokamilisha Mikataba ya Geneva, inakataza shambulio linalotarajiwa kuwaletea raia madhara yaliyopita kiasi yakipimwa na faida ya kijeshi ya wazi inayotazamiwa. Maana yake kamanda hupimwa kwa yale aliyoyajua alipotoa amri, si kwa yale yaliyoonekana kulipopambazuka.

Hapo ndipo utetezi wa Klein uliposimama, na si utetezi wa kupuuzwa. Malori yale yangeweza kugeuzwa mabomu ya kuivamia kambi yake, na mtoa habari alithibitisha kwa simu, zaidi ya mara moja, kwamba pale mtoni hapakuwa na raia. Waendesha mashtaka wa Ujerumani waliridhika kwamba aliamini hivyo, wakafunga jalada mwaka 2010. Tukianza kuwahukumu makamanda kwa habari za kesho yake, hakuna atakayeweza kuamua lolote usiku.

Hata hivyo, imani hiyo ilijengwa juu ya nini? Picha za kutoka angani zilionyesha vitone vyeusi tu, ambavyo havimtenganishi mwenye bunduki na mwenye dumu. Wala haihitaji ujasusi kujua kwamba lori la mafuta lililokwama huvuta watu. Mlipuko wa lori la mafuta Morogoro, Tanzania, ulituonyesha hivyo kwa uchungu mwezi Agosti 2019. Zaidi ya yote, marubani walijitolea kupita chini kwanza ili watu watawanyike, lakini wakakataliwa.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa katika kupima bali katika kilichowekwa mizanini: upande wa raia uliandikwa sifuri kwa neno la mtu mmoja kwenye simu. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema uchunguzi wa Ujerumani ulitosha, ila hukumu hiyo ilihusu uchunguzi, haikuhalalisha shambulio lenyewe.

Ni kweli kwamba ndege zingepita chini, wapiganaji nao wangekimbia, na kamanda angepoteza sehemu ya faida aliyoitaka. Lakini hatari aliyoitaja yeye mwenyewe ilikuwa malori, na malori yangebaki palepale mchangani, tayari kupigwa yakiwa hayana mtu.