Pembe haipimwi urefu pekee

Hapo mliposema ati kule Marekani kwenye mashindano ya wawindaji kulungu mwenye pembe ndefu zaidi ndo anashinda, hapana, si hivo. Mie nimekaa Wisconsin miaka minne kabla sijarudi Kisauni, jirani yangu alikuwa mwindaji na nimemshikia utepe wa chuma mara kibao mezani kwake akipima pembe. Kwa kipimo cha Boone and Crockett, ile klabu ya wawindaji ya Marekani, unapima shina kuu la kila pembe, kila tawi (chini ya inchi 1 halihesabiwi), mzunguko wa shina sehemu 4 kila upande, na upana wa ndani baina ya pembe mbili, yote mpaka thumuni ya inchi, halafu tawi la kushoto likipitana na la kulia ile tofauti inakatwa, na hapo ndo watu huumia roho wallahi, pembe kubwa isolingana inaangushwa na ndogo ilokaa sawa. Tena alama rasmi hazitolewi siku ile, pembe zinaachwa zikauke siku 60 kwanza kwa sababu hunywea. Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivo wengi hawajaona, lakini nyinyi mnaoingia mashindano ya kuvua Kilifi na Shimoni, samaki mnampima palepale chomboni ama mpaka mfike pwani, maana si naye hupungua kilo akipigwa jua?